Mpaka Wote Wasimame

"Jumamosi naleta mbuzi," Kiema alisema. "Hata ukinikataza, naleta."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, ameegemea mlango wa kibanda changu cha kushonea pale Kathonzweni, kama mtu anayeulizia bei ya vifungo. Kiema akikasirika hapandishi sauti. Huishusha, na ukitaka kumsikia lazima usimamishe cherehani. Niliondoa mguu kwenye pedali.

"Mbuzi gani?"

"Wa ntheo. Wale watatu niliowanunua mwaka juzi, ukaniambia nisubiri Mwau apate kazi. Sasa ni saba, Nzilani. Hata mbuzi wamechoka kunisubiri, wakaanza maisha yao."

Nilitaka kucheka. Nilijiinamia nikajifanya natafuta sindano.

Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kukupenda miaka kumi, lakini mpaka mbuzi watatu wa ntheo wapokelewe nyumbani kwenu, yeye bado ni mgeni tu. Akipewa chai ashukuru. Kiema alikuwa amekunywa chai yetu miaka minne.

Yeye ni fundi wa pampu za visima, mtu wa Mutomo, upande wa Kitui. Tulijuana pampu ya kisima kilicho karibu na kanisa la hapo Kathonzweni ilipoharibika. Alikuja kwangu na kipande cha tyubu ya tairi, akaniomba makasi ya kukatia kipete cha pampu. Nilimwambia makasi ya kitambaa hayakati mpira, hata Rais akija. Nikamwambia anipe mfano wa anachotaka. Nikakichora kwa chaki, nikakikata mwenyewe kwa makasi ya zamani. Kiliingia mara ya kwanza, maji yakatoka. Kesho yake alirudi tena, bila mpira.

"Kiema, nilitoa neno," nilimwambia.

"Najua. Nimelisikia hilo neno miaka minne. Nalijua kuliko jina la kati la mama yangu."

"Basi usinifanye nilivunje."

"Nani alikuagiza ulitoe?"

Aliingia ndani, akavuta kile kiti cha wateja, akakaa magoti yetu yakikaribia kugusana. Mikono yake ilikuwa na ile harufu ya chuma na sabuni ambayo siku hizi nikiinusa popote, hata kwa mtu mwingine, moyo hugeuka kuangalia.

"Sikiliza. Mimi naleta mbuzi. Baba yako mdogo atakuita, atakuuliza mbele ya watu kama wapokelewe. Wewe ndiwe utajibu. Ukisema warudi, nitawarudisha Mutomo, na sitakuja hapa kukutukana wala kukusema kwa watu. Lakini sitarudi. Nina miaka thelathini na tisa. Nataka mke, sitaki orodha."

"Hiyo ni kunitisha."

"Hapana. Ningekuwa nakutisha ningepiga kelele." Alinyoosha mkono, akarekebisha tepu ya kupimia shingoni mwangu, maana upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine. Vidole vyake vilikaa pale kwenye kola muda kidogo kuliko tepu ilivyohitaji. "Mama yako alikuzaa njiani akakuita Nzilani. Hakusema ukae huko huko."

Kisha akaenda. Nilishona kola tatu za sare za shule siku hiyo, na zote nikazifumua.

Neno lenyewe nililitoa nikiwa na miaka ishirini na moja.

Baba alizikwa nyumbani Nunguni, siku ya mvua nyembamba. Pasta alituita watoto tuje tuchukue udongo, tuutupe juu ya jeneza. Nikainama nikajaza kiganja. Kabla sijatupa, mtu akaniletea maikrofoni, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba na hotuba ya watoto ilikuwa imesahaulika. Niliwaangalia wadogo zangu. Mwau alikuwa na miaka kumi na saba, amevaa koti la baba. Kalekye alikuwa na kumi na minne, anatetemeka. Nikasema, "Mimi sitaolewa mpaka watoto wa nyumba hii wote wasimame." Halafu nikautupa ule udongo.

Nilikuwa nimeushika kwa sababu sikujua pa kuuweka. Wazee waliona jambo jingine. Kwao, mtu akitoa neno zito huku ameshika udongo wa kaburi, hilo si neno tena. Ni kithitu, kiapo ambacho ukikivunja kitakufuata wewe, na kikikukosa kitafuata watoto wako.

Sisi ni watu wa kanisa. Hakuna mtu wa kwetu atakayekwambia anaamini kithitu. Lakini pia hakuna atakayekivunja.

Na kanisani kiapo changu kilivalishwa nguo nyingine, kikaitwa nadhiri. Kila Jumapili ya Vijana nilisimamishwa mbele. Tazameni dada Nzilani, msichana aliyejinyima kwa ajili ya wadogo zake. Watu walipiga makofi, nami nikaenda nyumbani nikiwa nimenyooka kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Sitadanganya, niliyapenda yale makofi. Kalekye alipomaliza uuguzi, nikaongeza paa la nyumba ya Mwaitu, mama yangu. Paa lilipokwisha nikaongeza tangi la maji. Mwau alipofutwa kazi, nikamrudisha yeye mwanzo wa foleni. Hakuna aliyeniomba. Ni kama ninavyokata sare: nikimaliza moja, mkono unaenda wenyewe kwenye kitambaa.

Ijumaa nilifika Nunguni saa tisa alasiri. Ukungu ulikuwa umeshashuka hadi kwenye migomba. Mwaitu alikuwa jikoni anachagua maharagwe kwenye ungo, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Mwaitu."

"Hawa watu wa Kitui ni wangapi?"

"Sijui. Wachache."

Alitoa jiwe moja, akalitupa. "Ukiwaambia warudi mwaka ujao, watarudi?"

"Hawatarudi."

Akaendelea kuchagua. Niligundua alikuwa anapitia maharagwe yale yale yaliyokwisha kuchaguliwa. Ningempa nini ili aseme ananitaka niende, au ananitaka nikae. Mwaitu hajawahi kusema lolote juu ya lile neno, miaka yote kumi na minne.

Nyuma ya jikoni Mwau alikuwa anapasua kuni za wageni. Alikuwa amekuja kutoka Malili asubuhi na mke wake Nzisa, ambaye nilimsikia akicheka na mtoto huko sebuleni.

"Dada, umeniletea nini kutoka Kathonzweni?"

"Fomu."

"Fomu huliwa na nini?"

"Acha mchezo. Ni ya chuo. Diploma ya ufundi wa magari, wanaanza Septemba. Nimeshajaza jina lako."

Aliweka shoka chini, akaipokea, akaisoma yote, mbele na nyuma. "Na hapa kwa tarehe ya kuzaliwa umejaza?"

"Nimejaza."

"Basi umeona nina miaka thelathini na moja."

"Kusoma hakuna umri."

"Dada." Aliketi juu ya gogo. "Nina gereji yangu Malili. Malori yanatoka Mombasa yakiuliza Mwau wa matairi yuko wapi. Nzisa anauza chai mlango wa pili. Mtoto ameanza PP1 ya chekechea. Mimi nitaenda chuo kufundishwa kufungua tairi?"

"Kampuni ilikufuta, Mwau. Nilikuona ukilia hapa hapa."

"Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikatafuta jeki. Wewe ndiye hujaacha kulia."

Mwau ni mcheshi, mtu wa kuchekesha hata matangani, na nilingoja acheke. Hakucheka.

"Unajua nikija hapa Krismasi huwa nafanya nini kwanza? Nasugua kucha kwa petroli, moja moja. Nzisa ananicheka, ananiuliza unaenda kuona mama ama kuona hakimu. Nafanya hivyo usione grisi ukaanza kuhesabu kwamba bado." Akanionyesha vidole. Siku hiyo hakuwa amevisugua. "Ulisema mpaka tusimame. Hukusema nani atapima. Mimi nimesimama kitambo. Ni wewe tu unaniona nimekaa."

"Kwa hivyo miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ulitusomesha. Kalekye ni nesi kwa sababu yako, mimi nilimaliza fomu four kwa sababu yako, na Mungu akubariki. Hiyo kazi ilikwisha. Hii nyingine sijui unamfanyia nani." Alisimama akachukua shoka. "Na kesho ukimrudisha Kiema, watu hawatasema Nzilani amekataa. Watasema Mwau ndiye alimzuia. Utakuwa umenibebesha mimi, na mimi sikukutuma."

Alipasua gogo kwa pigo moja. Fomu yangu aliikunja vizuri, akaniwekea juu ya ukuta ili isilowe.

Nilimkasirikia. Nilipika chapati kwa hasira, zikatoka nzuri, hilo nalo likanikera.

Alfajiri ya Jumamosi nilishuka kwenye matuta ya chini kukata kabichi za wageni. Huko ndiko ninakoomba nikiwa nyumbani. Mimi huomba kwa mpangilio: shukrani kwanza, toba, halafu majina ya watu, moja moja, na haja ya kila mmoja. Nilipiga magoti kwenye udongo baridi nikaanza. Nikamtaja Mwaitu, nikamtaja Kalekye. Nikafika kwa Mwau nikakosa cha kuomba. Niombe asimame? Nilijaribu kupata maneno mengine, hayakuja.

Ndipo nikaona jambo lililonitia aibu, peke yangu pale katikati ya kabichi. Miaka mingi sikuwa namwomba Mungu. Nilikuwa nampelekea ripoti. Bwana, ona paa. Bwana, ona tangi, limebaki bomba. Nilikuwa nasimama mbele yake kama nilivyosimama mbele ya kanisa Jumapili ya Vijana, nikingoja makofi. Na Yeye hakuwa ameniagiza hata msumari mmoja.

Nikasema kwa sauti, "Bwana Yesu, hili si lako. Ni langu. Nililitunga mimi, nikaweka jina lako juu yake ili mtu asiniulize. Nisamehe. Sitaki kulibeba tena. Wala sitalimalizia kwanza ndipo nilitue. Nalitua likiwa nusu."

Sikusikia sauti. Ukungu haukufunguka. Magoti yalikuwa yamelowa na mgongo uliniuma. Lakini niliposimama nilijikuta nimekasirika, hasira safi, isiyomtafuta mtu. Miaka kumi na minne nilikuwa nimemfanya Mungu mkali kuliko alivyo. Nilikata kabichi nane, nikapanda nyumbani nikiimba kwa sauti mbaya, mpaka Nzisa akatoka jikoni kuona nani amefika.

Watu wa Kitui walifika saa tano. Walikuwa wanne tu: Kiema, binamu zake wawili, na mzee Nzomo, mdogo wa marehemu baba yake, mtu mpole mwenye kofia ya pama ambaye ndiye angesema kwa niaba yao. Mbuzi watatu walifungwa kwenye mti wa uzio, wakaanza mara moja kula maua ya Mwaitu.

Kiema alivaa shati la bluu. Nilikuwa nimelishona mimi, nikampa Krismasi, na hakuwahi kulivaa. Aliniona mlangoni nikipita na sinia ya chai. Hakutabasamu. Aliniangalia tu, kwa utulivu, kama mtu aliyeshuka kisimani, amefunga kila nati anayoijua, na sasa anangoja kuona kama maji yatapanda. Vikombe viligongana kwenye sinia.

Upande wetu alisimamia baba mdogo Nzuki. Baada ya chai na maombi na salamu ndefu, niliitwa. Nikasimama katikati ya uwanja, wageni mkono huu, watu wetu mkono ule.

"Nzilani," baba mdogo alisema, "hawa watu wamekuja na mbuzi. Wanasema wanakujua. Wewe unawajua?"

"Nawajua."

"Kwetu msichana huulizwa mara tatu. Nakuuliza mara ya kwanza. Tuwapokee?"

Sijafungua mdomo, shangazi Syombua akasimama.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu Nunguni. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuomba nikiwa mdogo, na siku ya mazishi ndiye aliyenishika kiwiko nisianguke. Nilipomwona amesimama nilijua anaogopa, na kwamba anayemwogopea ni mimi.

"Kabla hajaulizwa mara ya pili," alisema, "wageni waambiwe ukweli. Huyu msichana alitoa neno kaburini kwa ndugu yangu. Alikuwa ameshika udongo. Alisema hataolewa mpaka watoto wote wasimame. Mimi nilikuwa hapo."

Mmoja wa binamu akarudisha kikombe chini bila kunywa. Mzee Nzomo alivua kofia, akaitazama ndani.

"Udongo wa kaburi?" aliuliza.

"Wa kaburi."

"Kiema, ulijua haya?"

"Neno nalijua, baba mdogo," Kiema alisema. "Udongo sikuambiwa."

Hilo lilikuwa kosa langu. Sikuwahi kumwambia habari ya udongo. Niliona uso wake ukikunjamana kidogo. Hakuwa ameogopa. Alikuwa ameumia kwa kusikia jambo hilo kwa mtu mwingine, mbele ya watu.

Mzee Nzomo alisafisha koo. "Sisi pia ni waumini. Lakini mtu mzima hachezi na mambo kama hayo. Kitu cha namna hiyo kinaweza kufuata watoto. Labda, Nzuki, tungerudi kwanza tukaketi."

Binamu mmoja akainuka, akaanza kuelekea kwenye uzio kufungua kamba. Niliona mbuzi wakigeuza vichwa. Nilimwona Kiema akitazama ardhi. Nikaona, wazi kabisa, jinsi maisha yangu yangeondoka kwa adabu, na salamu, na asante kwa chai.

"Wewe, kaa chini," nilimwambia yule binamu.

Akakaa. Nadhani alishangaa kuliko alivyotii.

"Mwiitu, binti yangu," baba mdogo alisema, "polepole."

"Nitasema polepole, baba mdogo. Lakini nitasema." Mimi si mtu wa kusema mbele za watu bila maikrofoni. "Shangazi amesema kweli. Nilikuwa nimeshika udongo. Nilikuwa nimeushika kwa sababu pasta alituambia tuchukue. Kama kile ni kithitu, basi mwenye kukileta ni pasta, na aitwe aseme alikitoa wapi."

Mtu alicheka upande wa jikoni. Nzisa.

"Usifanye mzaha," shangazi alisema.

"Sifanyi. Shangazi, wewe ndiwe ulinifundisha kwamba Yesu alilipa yote. Niulize kitu. Alilipa yote, ama alibakisha kidogo nimalizie mimi?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Ni haya haya. Nilitaka kuwa mwokozi wa nyumba hii. Hiyo kazi ina mwenyewe, na hakuwa ametafuta msaidizi. Hakuna mtu alinituma. Si baba, si Mwaitu, si Mungu. Nilijituma, nikajipa sheria, nikajisimamia, na kila nikikaribia mwisho nikausogeza mbele. Mwau ni mtu mzima anayelisha watu wake, na mimi jana nimemletea fomu ya shule."

"Diploma," Mwau alisema kutoka nyuma. "Sema kweli, ni diploma."

Watu wakacheka, hata mzee Nzomo kidogo, ndani ya kofia. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa nimemaliza.

"Basi nisikieni nyote. Sijatimiza. Sisemi nimetimiza. Tangi la Mwaitu linavuja hivi sasa. Mwau hana diploma. Kalekye, ambaye leo yuko zamu, bado ana mkataba wa miezi sita sita huko hospitalini. Nikingoja yote yaishe nitazikwa nikingoja, na mtanisifu sana siku hiyo. Sitaki. Leo asubuhi nimemwambia Mungu naliacha hilo neno likiwa nusu, na ninyi nawaambia hivyo hivyo. Naolewa na mambo yakiwa hayajaisha."

"Na baya likikupata?" shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ukizaa mtoto akaugua? Nitasema nini mimi, niliyekuwa pale nikanyamaza?"

"Watoto wa watu huugua, shangazi, hata wa wale ambao hawajawahi kushika udongo. Baya likinipata, litanipata nikiwa mke wa Kiema. Na wewe utakuja kuniombea, kama ulivyoniombea siku zote."

Shangazi akakaa na kukunja mikono.

Niligeuka kwa Kiema. Uwanja mzima ulikuwa unasikia, lakini niliongea kama tuko kibandani.

"Habari ya udongo nilikuficha. Niliogopa ukijua utaondoka. Nisamehe."

"Ningekucheka," alisema. "Singeondoka."

"Nilidhani ukinipenda unaniibia kitu."

"Na sasa?"

"Sasa nimeamka saa kumi na moja nikakata kabichi nane za kukulisha. Wewe fikiria mwenyewe."

Masikio yake yalibadilika rangi. Mtu mwenye miaka thelathini na tisa. Alishusha macho, akayainua tena, na nikaona yale maji yamepanda.

Mzee Nzomo alivaa kofia yake. "Kwetu Mutomo," alisema taratibu, "msichana anayesema na mdomo wake hivi huwa hatumpati kirahisi. Nzuki, endelea kuuliza."

Baba mdogo akauliza mara ya pili. Nikasema wapokelewe. Akauliza mara ya tatu, na sijui kwa nini, hiyo ya tatu ndiyo ilinitoa machozi. Nikasema wapokelewe, na wasirudi.

Kwetu anayepokea kamba za mbuzi wa ntheo ni dada wa baba. Watu wote wakamtazama shangazi Syombua. Shangazi alibaki ameketi, mikono imekunjwa, macho kwenye paa. Dakika ikapita. Baba mdogo alikohoa. Mzee Nzomo alianza kutazama viatu vyake.

Nikaenda kwenye uzio nikafungua kamba mwenyewe.

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Msichana hashiki kamba za mbuzi wake wa ntheo. Ni kama kujitilia chai kwenye sherehe yako. Nilizizungusha zote tatu kwenye kiganja, nikavuta. Wawili walikuja. Wa tatu, yule dume, akakita miguu, akanitazama kama mtu niliyemkosea.

"Hata mbuzi amekataa," shangazi alisema, bila kushusha macho kutoka kwenye paa.

"Amechoka, shangazi. Ametoka Mutomo leo."

Kiema aliinuka kuja kunisaidia. Mzee Nzomo akamshika shati. "Wacha. Wameshapokelewa, si wetu tena. Ukimgusa utakuwa umemrudisha."

Basi Kiema akabaki amesimama pale, mikono haina kazi, akinitazama nikivutana na lile dume katikati ya uwanja, viatu vyangu vya Jumapili vikichimba ardhi. Niliteleza, nikapiga goti moja chini, nikainuka. Mwau alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Sikuachilia. Mbuzi alisogea hatua moja, akafikiri, akasogea nyingine.

Nilipofika karibu na zizi nikakumbuka mlango umefungwa kwa mti mzito wa kupitisha, na mimi sina mkono mwingine.

Mwaitu alikuwa ameketi na wanawake tangu mwanzo, ungo wake wa maharagwe mapajani, na hakuwa amesema neno. Nilimwona akiweka ungo chini. Akaja, taratibu, akipita mbele ya shangazi, mbele ya wageni, mpaka kwenye zizi. Akaushika ule mti kwa mikono miwili, akautoa, akauegemeza ukutani.

"Wapitishe upande huu," aliniambia. "Huo mwingine una matope."